Jumamosi Nne na Kezilahabi: Tathmini ya Darasa la Usomaji Mjini Kisumu

Darasa hili hufanyika ghorofani, juu ya duka moja la vitabu lililo hatua chache kutoka Barabara ya Oginga Odinga mjini Kisumu, kila Jumamosi kuanzia saa nane mchana hadi saa kumi na moja jioni. Ada ni shilingi 2,000 kwa Jumamosi nne, na ndani yake mna chai, mandazi mawili na kopi za kurasa zitakazosomwa. Jina la duka nimeamua kulihifadhi, kwa kuwa lipo jambo moja nitakalolieleza ambalo halimjengei mtu sifa, nao wenye duka wamekwisha kuniomba radhi. Mada ya awamu niliyohudhuria ilikuwa riwaya za mwandishi wa Tanzania, Euphrase Kezilahabi, na jinsi wahakiki walivyozipokea tangu miaka ya sabini hadi sasa.

Nilikwenda kwa sababu ya deni la zamani. Ninafundisha Kiswahili katika shule ya upili upande wa Ahero, na kwa miaka mingi riwaya yake *Nagona* imekaa kwenye rafu yangu, kijitabu chembamba kisichofika kurasa mia moja, nami nimekianza mara mbili na kukiacha mara mbili. Mara zote mbili nilikuwa nimetangulia kusoma maelezo ya wahakiki, na mara zote mbili nilipofika katikati nilihisi kama mwanafunzi aliyeingia chumba cha mtihani akiwa na majibu lakini hana maswali. Niliposoma tangazo pale mlangoni nikasema afadhali nilipe, huenda aibu ya kupoteza ada ikanisukuma hadi ukurasa wa mwisho.

Kwa mtu wa Kisumu, Kezilahabi si mgeni wa mbali sana. Alizaliwa mwaka 1944 katika kijiji cha Namagondo, kisiwani Ukerewe, na kisiwa hicho kimo katika ziwa hili hili la Victoria tunalolitazama kutoka ufuo wa Dunga. Ila yeye alilitazama kutoka upande wa kusini. Alifariki Dar es Salaam mwezi Januari 2020. Miezi mitatu baadaye akafariki mwandishi wa Kenya Ken Walibora, ambaye wasomaji wa magharibi ya Kenya wanamhesabu kuwa wao kabisa, na nakumbuka sisi walimu tulivyomzungumza Walibora kwa wiki nzima, ilhali habari za Kezilahabi zilikuwa zimepita kwa sentensi mbili tu. Tofauti hiyo ilinirudia mara nyingi katika Jumamosi hizi nne. *Siku Njema* ya Walibora ni safari ya kijana kutoka Tanga hadi Kitale akimtafuta baba yake, na hakuna aliyehitaji mhakiki wa kumshika mkono katika safari hiyo. *Nagona* nayo ni safari ya mtu anayetafuta, lakini msafiri wake mara nyingi hutajwa kana kwamba haiwezekani kumfuata bila ramani iliyochorwa chuo kikuu.

Jumamosi ya kwanza ilikuwa ya riwaya nne za awali: *Rosa Mistika* ya 1971, *Kichwamaji* ya 1974, *Dunia Uwanja wa Fujo* ya 1975 na *Gamba la Nyoka* ya 1979. Ndiyo iliyopangwa vizuri kuliko zote. Mkufunzi, ambaye ni mhadhiri aliyestaafu na mwenye sauti ya upole inayomlazimu msikilizaji kusogea mbele, hakuanza kwa kutusimulia hadithi. Aliandika ubaoni majina matatu, Rosa, Kazimoto na Tumaini, kisha akauliza kila mmoja wao anaishiaje. Rosa anajiua. Kazimoto anajiua. Tumaini ananyongwa kwa hukumu ya serikali. Baada ya hapo akatuachia kimya kidogo, akatukumbusha kwamba riwaya hizi zilitoka katika miaka iliyofuata Azimio la Arusha la 1967, wakati mwandishi alitarajiwa naye ashike jembe katika ujenzi wa taifa.

Kutokana na majina hayo matatu alitufungulia historia nzima ya mapokezi. Kishindo cha kwanza kilikuwa cha maadili. *Rosa Mistika* ilipigwa marufuku katika shule za Tanzania kwa jinsi ilivyosema waziwazi mambo ya mwili wa msichana na ya watu wazima wanaomharibu, na baadaye kitabu hicho hicho kikaja kusomeshwa katika shule hizo hizo. Kishindo cha pili kilikuwa cha siasa. Wapo wahakiki walioona kwamba mwandishi huyu amekata tamaa mno, kwamba msomi aliyesomeshwa kwa jasho la wakulima hana haki ya kuyaona maisha kuwa hayana maana na kujiondokea, na kwamba fasihi ya aina hii inamvunja moyo msomaji badala ya kumwamsha. Kishindo cha tatu kilikuwa cha asili ya mawazo. Wahakiki wengi waliinasibisha *Kichwamaji* na udhanaishi wa Ufaransa, yaani falsafa isemayo maisha hayana maana ila ile mtu anayojipa mwenyewe, wakawataja Camus na Sartre, na tangu hapo ikawa desturi kwamba Kazimoto hatajwi bila Wafaransa hao wawili kuketi kando yake.

Hapo ndipo mzee mmoja aliyewahi kufanya kazi katika reli, ambaye huketi karibu na dirisha na kunywa chai yake bila sukari, aliinua mkono. Akasema, "Mwalimu, kijijini kwetu mtu akijinyonga, hatuulizi kama alimsoma Mfaransa." Darasa liliangua kicheko, lakini mkufunzi hakucheka. Alimjibu kwa heshima kwamba Mzee amegusa penyewe, kisha akaongeza jambo ambalo lilitufaa kuliko kicheko chetu: Kezilahabi aliisoma falsafa ya Ulaya kwa dhati, hakuna haja ya kumkanushia hilo ili aonekane Mwafrika zaidi, na ukiwa na mwandishi aliyekulia Ukerewe na kusoma vitabu vya dunia nzima, kosa la mhakiki huanza pale anapotaka kuuona mmoja tu kati ya watu hao wawili. Naona shilingi zangu 500 za siku hiyo zilirudi hapo hapo.

Jumamosi ya pili ndiyo yenye lile jambo. Tulikuwa tumefika kwenye *Nagona*, iliyotoka 1990, ambayo pamoja na *Mzingile* ya 1991 ndiyo iliyowagawa wahakiki kuliko chochote alichokiandika. Kabla ya kusoma, mkufunzi alitupa muhtasari wa wanayoyasema. Katika riwaya hizi mbili Kezilahabi aliacha ule uhalisia uliomjengea jina. Hakuna kijiji chenye jina unaloweza kulikuta kwenye ramani, hakuna tarehe, wakati haufuati mstari, na msafiri hupita mbele ya majina makubwa ya fikra za Ulaya, Nietzsche, Marx na Freud wakiwamo, kama mtu apitaye kando ya makaburi. Wako walioziita riwaya za kifalsafa, wako waliotumia istilahi ya uhalisiajabu, yaani uhalisia uliochanganywa na maajabu, na wako waliouliza kama hizo ni riwaya kweli au ni insha, au ni ushairi uliovaa kanzu ya nathari. Malalamiko makubwa yalikuwa kwamba mwandishi amemwacha msomaji wa kawaida ufukoni na kwenda zake na mashua. Kwa upande wa pili, K. W. Wamitila, Mkenya, aliandika makala mwaka 1991 katika jarida la *Kiswahili* la Chuo Kikuu cha Dar es Salaam akizisoma riwaya hizo mbili kwa upande wa metafizikia, yaani falsafa ya asili ya kuwapo, na baada yake wakaja wengine, kama Alena Rettová, walioshikilia kwamba hii ni falsafa kamili iliyoandikwa kwa Kiswahili, wala si hadithi iliyopambwa kwa falsafa.

Tukiwa tumelishwa hayo yote, tukaanza kusoma kopi zetu. Ghafla msafiri akawa mahali pengine. Sentensi iliyoanza chini ya ukurasa mmoja haikumalizika juu ya ukurasa uliofuata. Mazungumzo yakawa na mtu mwingine. Darasa halikushtuka hata kidogo. Kijana mmoja wa chuo alisema huo ndio mkatiko wa wakati aliousoma kwa wahakiki. Mwingine akasema sentensi kukosa mwisho ni ishara kwamba ukweli haukamiliki. Nami, nisijifiche, niliandika pambizoni kwa kalamu nyekundu, "lugha inavunjika," nikapiga mstari mara mbili. Tulilijadili pengo hilo kwa muda wa dakika arobaini, kwa bidii na kwa istilahi.

Mwishowe mama mmoja anayeuza vitenge katika soko la Kibuye, ambaye siku zote huja akiwa amechelewa kwa sababu ya wateja, alisema kwa sauti ya mtu asiyetaka kumkosea mtu adabu, "Samahani, mwalimu. Kopi yangu, baada ya ukurasa wa 31 unakuja wa 34. Ni yangu peke yangu?"

Zilikuwa zetu sote. Aliyetoa kopi hizo kwenye saiba ya jirani, yaani duka la kompyuta na kopi, alikuwa akifunua kitabu na kupiga kurasa mbili kwa karatasi moja, na mahali hapo majani mawili yakafunuka pamoja. Duka lilizipokea, likazibana pini, likatugawia bila mtu yeyote kuhesabu. Hilo ni kosa la huduma na ninalihesabu hivyo: mtu akilipia maandishi, anayemwuzia anapaswa kuhakikisha maandishi yametimia, hasa yakiwa ya mwandishi ambaye wasomaji wake wamekwisha kuambiwa wasishangae lolote. Aibu yangu binafsi ilikuwa kubwa zaidi, kwani kitabu chenyewe kilikuwa mkobani mwangu. Nilikuwa nasoma kopi kwa sababu tu ina pambizo pana za kuandikia.

Nilikitoa, tukazisoma kurasa mbili zilizopotea kwa sauti, kila mtu aya yake. Ingekuwa rahisi kusema kwamba hapo wahakiki walianguka, na njiani nikirudi Ahero ndivyo nilivyotaka kuamini. Lakini haikuwa hivyo. Zilipotiwa zile kurasa mbili, sentensi iliungana na hatua za msafiri ziliungana, ila hazikunyooka. Bado alikuwa akipita kutoka hali moja hadi nyingine bila kuomba ruhusa, na bado ungeweza kusema wakati umekatika. Kilichobadilika ni kwamba sasa mkatiko ulikuwa na mkono wa mtu ndani yake. Ulisikika. Ule wa saiba ulikuwa kimya kitupu, nasi tukaujaza wenyewe kwa maneno tuliyokuwa tumeazima. Mhakiki hakutudanganya, alituambia tutarajie kuvunjika kwa mtiririko, nasi tukaacha kutofautisha kinachovunjwa na fundi na kinachovunjwa na mashine ya kopi.

Jambo la pili tuliloligundua siku hiyo, bila kukusudia, ni kwamba *Nagona* ni kitabu cha kusomwa kwa sauti. Nilipokisoma peke yangu kimya kimya kilikuwa kizito. Kiliposomwa na yule mama, kwa lafudhi yake ya mtu aliyejifunza Kiswahili sokoni, sentensi zake fupi zilianza kujibizana kama vitendawili, na watu wakacheka mahali ambapo katika makala zote nilizowahi kusoma sikuona mhakiki akidokeza kwamba pana kichekesho.

Chai ya siku hiyo ilikuwa baridi. Sikuijali.

Jumamosi ya tatu ilihusu wahakiki wenyewe, na hapa nina sifa na lawama kwa pamoja. Sifa ni kwamba mkufunzi alilitazama swali ambalo watu hulikwepa: uhakiki huu umeandikwa kwa lugha gani, na kwa ajili ya nani? Sehemu kubwa iko kwa Kiingereza, na nyingine kwa Kifaransa, kama kitabu cha Xavier Garnier kuhusu riwaya ya Kiswahili kilichotoka 2006. Mwandishi aliyechagua kuandika falsafa yake kwa Kiswahili amefafanuliwa zaidi kwa lugha ambazo muuza vitenge wa Kibuye hawezi kuzitumia kumjibu mhakiki. Mkufunzi alikuwa akisoma aya kutoka makala hizo na kuzifasiri papo hapo, taratibu, akirudi nyuma anapoona neno halikukaa sawa. Hiyo ni kazi ambayo sijaiona ikifanywa mahali pengine mjini hapa, na kwa mwalimu asiye na muda wa kukaa maktabani, peke yake inatosha kumfanya alipe. Pia alituonyesha kwamba jarida la *Swahili Forum* husomwa bure kwenye intaneti, na kwamba humo mnapatikana makala ya Lutz Diegner ya mwaka 2005 kuhusu mwingilianomatini, yaani jinsi andiko moja linavyoingiliana na mengine, katika *Nagona* na katika riwaya ya W. E. Mkufya.

Alitukumbusha vilevile kwamba Kezilahabi alikuwa mhakiki kabla ya kuhakikiwa hivyo. Tasnifu yake ya uzamili ya mwaka 1976 ilikuwa juu ya riwaya za Shaaban Robert, na ile ya uzamivu, aliyoikamilisha 1985 katika Chuo Kikuu cha Wisconsin nchini Marekani, ilikuwa juu ya falsafa ya Kiafrika na tatizo la kufasiri fasihi. Kwa hiyo miaka mitano kabla ya *Nagona* alikuwa amekwisha kukaa na swali la jinsi kazi ya Kiafrika inavyopaswa kusomwa, kisha akaandika kitabu ambacho kila njia ya kukisoma inamponyoka msomaji. Mtu anaweza kushuku kwamba aliwatega wahakiki. Mimi nashuku hivyo, ingawa mkufunzi alitabasamu tu nilipolisema.

Lawama ni kwamba mpangilio wa darasa umefuata ugonjwa ule ule tulio nao shuleni. Sisi walimu wa Kenya tunaujua. Riwaya teule ikitangazwa kwa ajili ya mtihani wa KCSE, ule wa kumaliza shule ya upili, kabla wanafunzi hawajakipata kitabu, miongozo imekwisha kujaa madukani, yenye maudhui, wahusika na mbinu za lugha, na wapo wanaofaulu mtihani bila kuifungua riwaya yenyewe. Nimewakemea wanafunzi wangu kwa jambo hilo mara nyingi. Halafu nimekuja Kisumu, mtu mzima, nikalipa ada, nikapewa mwongozo kwanza na kitabu baadaye. Kama Jumamosi ya pili ingeanza kwa kusoma kurasa kumi kwa sauti kabla ya jina la mhakiki yeyote kutajwa, nadhani pengo lile lingeonekana ndani ya dakika mbili, kwa sababu kila mmoja wetu angekuwa bado na ujasiri wa kusema, "Hapa sijaelewa." Nililiandika pendekezo hilo kwenye karatasi ya maoni.

Jumamosi ya nne ilitaka kuwa karamu ikaishia kuwa harusi ya mbio mbio. Ilipangiwa *Mzingile* yote, kisha riwaya zilizofuata njia hiyo: *Ziraili na Zirani* ya Mkufya ya 1999, *Babu Alipofufuka* ya Said Ahmed Mohamed ya 2001, na *Bina-Adamu!* ya Wamitila ya 2002. Saa tatu hazikuweza kubeba mzigo huo. Isitoshe mvua ilianza kabla ya saa tisa kutimia, na kwa kuwa paa la ghorofa hiyo ni mabati matupu bila dari, kwa nusu saa nzima mkufunzi hakuwa na budi kuketi na kutazama madirisha pamoja nasi. Anayetaka kuhudhuria katika majira ya mvua aketi safu ya mbele.

Hata hivyo, katika muda uliobaki lilisemwa jambo ambalo bado nalitafuna. Wamitila aliyeitetea *Nagona* kama mhakiki ndiye aliyeandika *Bina-Adamu!* miaka kumi na moja baadaye. Said Ahmed Mohamed mwandishi wa riwaya ndiye Said Khamis anayetia sahihi makala za uhakiki kuhusu sura mpya za riwaya ya Kiswahili, na ndiye pia aliyeshirikiana na Elena Bertoncini, Gromov na Wamitila katika toleo la pili la historia ya fasihi ya Kiswahili lililochapishwa 2009. Kijana wa chuo aliliona hilo kuwa kasoro, kwamba refa hawezi kuwa mchezaji, na wanaosifu njia mpya ni wale wale wanaojenga nyumba zao kando yake. Mzee wa reli alikuwa na maoni mengine. Alisema fundi wa mashua hahukumiwi na abiria, huhukumiwa na fundi mwenzake aliyewahi kupigwa na wimbi lile lile. Sikuweza kuamua nani kati yao yuko sahihi, na mkufunzi hakutuamulia. Mimi ninaegemea upande wa Mzee, kwa sharti moja: abiria naye aulizwe kama alifika.

Awamu inayofuata itaanza mwezi ujao, na tangazo lake tayari limebandikwa mlangoni. Ada haijapanda. Karatasi yangu ya maoni inaonekana ilisomwa, kwani chini ya tangazo mtu ameongeza kwa mkono kwamba kila kipindi kitaanza kwa kusoma kitabu kwa sauti. Kopi yangu ya *Mzingile* nilikabidhiwa mlangoni Jumamosi ile ya nne, ikiwa imebanwa pini mpya. Nilisimama pale ngazini na kuzihesabu kurasa zake zote kabla sijaingia, na nilipogeuka nikamkuta yule mama wa vitenge nyuma yangu, amelowa, akizihesabu zake.